Gumbo ya kuku na soseji kwenye slo kuka: mwongozo kwa anayeanza

Baridi ikianza tu, maswali ni yale yale. "Nimetia kila kitu asubuhi, nimerudi jioni nimekuta supu ya kuku yenye soseji. Gumbo iko wapi?" "Mbona yangu nyeupe?" "Bamia zimegeuka mlenda, nifanyeje?" Mengi yanatoka kwa Waswahili wa Houston na Dallas walioonja gumbo, ule mchuzi mzito wa jimbo la Louisiana, Marekani, kazini au kwa jirani, wakanunua slo kuka (sufuria ya umeme inayopika polepole), wakadhani kazi imeisha. Wengine wako Dar na Nairobi, slo kuka wameletewa na ndugu. Basi majibu yote nimeyaweka hapa.

Shika jambo moja kabla hujawasha chochote: slo kuka haikaangi. Inatokosa tu. Ladha ya gumbo inatengenezwa kwenye jiko la kawaida, ndani ya kikaango, katika saa moja ya kwanza. Slo kuka inakuja kumalizia: inalainisha nyama na kuchanganya ladha wakati wewe uko kwenye shughuli zako. Ukiiruka ile saa moja, hakuna kiungo kitakachokuokoa jioni.

Na ninayoieleza ni gumbo ya Wakajuni, watu wa kusini mwa Louisiana ambao wazee wao walikuwa Wafaransa wa Acadia, kule mashariki mwa Kanada, wakafukuzwa na Waingereza kuanzia mwaka 1755. Gumbo yao ni ya kahawia iliyokolea, haina nyanya, na inasimama juu ya unga wa ngano uliokaangwa. New Orleans, mji mkubwa wa jimbo hilo hilo, utakutana na gumbo ya Wakrioli, jamii ya mchanganyiko ya mji huo, mara nyingi ina nyanya, kamba na kaa. Nayo tamu, ila si hii. Ukitaka kutia nyanya tia, sufuria ni yako. Usiwaambie tu watu wa Lafayette, mji wa Wakajuni.

Vitu vya kuwa navyo

Vipimo hivi ni vya slo kuka ya lita 6 hivi, yaani ile ya kwota 6 inayouzwa Marekani. Inalisha watu wanane.

- Mapaja ya kuku yenye mfupa, kilo 1.2
- Soseji ya kuvuta moshi, gramu 400
- Unga wa ngano wa kawaida, robo tatu ya kikombe cha kupimia (gramu 95 hivi)
- Mafuta ya kupikia yasiyo na harufu, robo tatu ya kikombe (mililita 180)
- Vitunguu maji 2 vikubwa
- Pilipili hoho 1 kubwa ya kijani
- Seleri, mashina 3
- Vitunguu saumu, punje 5
- Supu ya kuku isiyo na chumvi, vikombe 6 (lita 1.4)
- Paprika vijiko 2 vya chai, pilipili manga kijiko 1, zaatari kavu kijiko 1, pilipili nyeupe nusu kijiko, pilipili kali ya unga nusu kijiko
- Majani 2 makavu ya bay
- Chumvi kijiko 1 cha chai kwa kuanzia, nyingine utaongeza mwisho
- Bamia gramu 250, ukipenda
- Majani ya vitunguu na kotimiri ya Kizungu ya kunyunyizia
- Wali mweupe, unapikwa kando

Vyombo: kikaango kizito kipana (cha chuma kizito ndicho bora), mwiko wa mbao wenye ncha bapa, upawa, na slo kuka yenyewe.

Maneno machache kuhusu soseji, maana hapo ndipo watu wanakwama. Ya asili inaitwa andouille, ni nyama ya nguruwe iliyokaa kwenye moshi mpaka ikakaza, na mji wa LaPlace, Louisiana, unajitapa kuwa makao yake makuu. Kama huli nguruwe, tafuta soseji ya ng'ombe au ya bata mzinga iliyovutwa moshi. Maduka ya halali ya miji mikubwa ya Marekani wanazo. Nyumbani Afrika Mashariki kazi ni ngumu kidogo. Zile soseji laini za kifungua kinywa hazifai, zinavimba na kupasuka kabla kuku hajaiva. Ukikosa kabisa soseji ya moshi, ongeza kuku, kisha badala ya paprika ya kawaida tumia paprika ya moshi. Haitakuwa ile ile, lakini utakula vizuri.

Kitunguu, hoho na seleri kwa pamoja Wakajuni wanauita utatu mtakatifu; ni Wakatoliki, jina wamelichagua wenyewe. Seleri usiiruke. Wengi wanaiacha kwa sababu hawaipendi mbichi, halafu wanauliza gumbo inapungukiwa na nini.

Onyo kwa waliobebewa slo kuka kutoka Marekani: ile imetengenezwa kwa volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa Tanzania au Kenya wenye volti 230 au 240, waya wa ndani unapokea nguvu karibu mara nne ya uwezo wake. Itafuka moshi kabla ya gumbo. Lazima upitishie kwenye transfoma ya kushusha umeme. Slo kuka nyingi ni wati 200 hadi 300, kwa hiyo transfoma ya wati 500 inakutosha. Adapta ya plagi peke yake haibadilishi volti.

Hatua kwa hatua

1. Yeyusha, katakata, panga. Kuku awe ameyeyuka kabisa. Nyama iliyoganda haiingii kwenye slo kuka, kwa sababu inakaa muda mrefu kwenye uvuguvugu ambao bakteria wanaupenda. Katakata kitunguu, hoho na seleri vipande vidogo, vitie bakuli moja, liweke kando ya jiko mkono unapofika. Usianze kukaanga unga huku vitunguu bado viko kwenye maganda. Utaona kwa nini. Ukipenda kuandaa usiku, weka nyama na mboga frijini kwenye vyombo mbalimbali, na bakuli la slo kuka libaki nje ya friji.

2. Kaanga soseji. Ikate vipande vya unene wa kidole, weka kwenye kikaango kwa moto wa kati bila mafuta au na tone tu. Dakika 5 hadi 7, mpaka pembe zigeuke kahawia. Toa, weka sahani.

3. Kaanga kuku. Mpanguse maji kwa karatasi, la sivyo atachemka badala ya kukaangika. Mpakaze nusu ya viungo. Anza na upande wa ngozi, dakika 4 au 5 kila upande. Humwivishi, unatafuta rangi tu. Akishapata rangi mtoe, vua ngozi uitupe, kwa sababu kwenye slo kuka italegea na kuwa kama mpira. Mimina mafuta yaliyobaki kwenye kikombe cha kupimia, ongezea mafuta ya kupikia mpaka yafike mililita 180. Vile vilivyogandia chini ya kikaango vikwangue uvichanganye na kuku, usiviache vikaungulia kwenye hatua inayofuata.

4. Pika roux. Inatamkwa ruu, ni unga na mafuta tu, na hapa ndipo gumbo inapopatikana au kupotea. Rudisha kikaango motoni, moto wa kati unaoelekea chini, tia yale mafuta. Yakipata moto nyunyiza unga kidogo kidogo huku unakoroga mpaka uishe na mabonge yavunjike. Kisha koroga. Usiache. Mwiko ufagie chini kote, hasa kwenye kona, maana unga hujificha pembeni ukaungua wakati wewe unatazama katikati.

   Dakika za mwanzo ni uji mweupe wenye povu dogo, unanuka unga mbichi. Karibu na dakika ya 10 unageuka rangi ya mchanga, harufu inakuwa ya biskuti. Karibu na dakika ya 20 ni rangi ya siagi ya karanga, na jiko zima linanukia karanga za kukaanga. Wengi wanaishia hapa wakiamini imetosha. Haijatosha. Endelea, na kama mkono umechoka badilisha mkono. Sasa uji unalegea, unakuwa mwepesi chini ya mwiko na unaanza kung'aa. Rangi inakwenda kwenye shaba, halafu kwenye chokoleti. Anayeanza asimame kwenye chokoleti ya maziwa, kati ya dakika 30 na 40. Wazoefu wanasogea mpaka chokoleti nyeusi, lakini huko kati ya tamu na iliyoungua kuna nafasi ndogo sana.

   Ukiona vidoa vyeusi vinaelea, au pua ikipata harufu kali ya mkate ulioungua, imekwisha. Mwaga, osha kikaango, anza upya. Uchungu wake hauondolewi na sukari wala chumvi wala maji. Unga na mafuta ni vitu vya bei ndogo. Kuku na soseji sivyo.

   Na uwe mwangalifu. Roux ina moto kuliko maji yanayochemka na ikikurukia inang'ang'ania kwenye ngozi. Louisiana wanaitania kwa kuiita napalm (mafuta ya mabomu ya moto) ya Wakajuni. Watoto watoke jikoni, simu ikae mbali, vaa mikono mirefu. Usiionje kwa kidole.

   Mwenye watoto wadogo au mkono unaouma anayo njia nyingine: tandaza unga mkavu kwenye trei, oveni nyuzi 200 za Selsiasi, ugeuze kila baada ya dakika 10 mpaka uwe kahawia, ambayo huchukua dakika 45 hadi saa nzima. Ukiwa mkavu unaonekana mweupe kuliko ulivyo. Chota kidogo changanya na maji uone rangi ya kweli. Ukifuata njia hii, kaanga mboga kwa vijiko 3 vikubwa vya mafuta, kisha koroga unga huo kwenye supu ya uvuguvugu.

5. Tia utatu. Rangi ikifika tu, mimina bakuli zima la kitunguu, hoho na seleri. Itapiga kelele na kutoa mvuke mzito, rudisha uso nyuma. Mboga ndizo zinazoizuia roux isiendelee kuungua, ndiyo maana nilisema ziwe tayari. Koroga dakika 6 au 7 mpaka kitunguu kilegee. Rangi itazidi kukolea, usishtuke. Saumu iingie dakika ya mwisho.

6. Tia supu. Iwe ya uvuguvugu. Anza na upawa mmoja, koroga mpaka ipotee ndani, wa pili, wa tatu. Baada ya hapo unaweza kumimina zaidi. Ikishaingia yote, acha ichemke kweli kweli kwa dakika 5. Usiruke kuchemsha: slo kuka haina nguvu ya kuichanganya roux iliyojitenga. Wakati inachemka, jaza bakuli la slo kuka maji ya moto ya bombani lipate joto. Ule ni udongo wa kuchomwa, ukimiminia mchuzi unaochemka likiwa baridi linaweza kupasuka.

7. Jaza slo kuka. Mwaga yale maji. Kuku chini, soseji juu, viungo vilivyobaki, majani ya bay, chumvi ile kijiko kimoja, halafu mchuzi. Chombo kijae kati ya nusu na theluthi mbili. Funika, chagua LOW kwa saa 6 hadi 7, au HIGH kwa saa 3 na nusu hadi 4. Tofauti ya hizo mbili ni mwendo tu, mwishowe zote zinafika karibu na joto lile lile la chini kidogo ya kuchemka. Kama unayo nafasi, chagua LOW.

8. Usifunue. Najua unataka kuona. Kila ukifunua, mvuke unatoka na unajiongezea kama nusu saa. Mfuniko ni wa kioo, tazama kupitia humo.

9. Malizia. Zikibaki dakika 40 hivi, funua. Engua mafuta yaliyoelea kwa kijiko, toa majani ya bay. Toa kuku, mchambue kwa uma mbili, tupa mifupa, rudisha nyama. Mwenye kipima joto ahakikishe kuku amefika nyuzi 74. Kama una bamia, zikate na kuzikaanga kando kwa mafuta kidogo, moto wa juu, mpaka ule utelezi ukauke na zipate madoa ya kahawia; ndipo uzitie. Anayetaka kamba awatie zikibaki dakika 20, si kabla. Sasa ndipo uonje chumvi.

10. Pakua. Zima. Wali katikati ya bakuli, gumbo kuuzunguka, juu majani ya vitunguu na kotimiri. Wali uwe mweupe mtupu. Wa nazi uache siku nyingine. Kusini mwa Louisiana wengi wanatia kijiko cha saladi ya viazi ndani ya bakuli la gumbo, baridi kwenye moto. Jaribu kabla hujakunja uso.

Ukipata filé, yaani unga wa majani ya msasafrasi ambao Wachokto, wenyeji wa maeneo yale, walikuwa wakiutumia kabla Wafaransa hawajafika, nyunyiza kwenye bakuli lako mezani. Usiutie sufuria ikiwa motoni, utavutika nyuzinyuzi. Bamia na filé zote zinazidisha uzito, chagua moja.

Makosa yanayojirudia

La kwanza ni chumvi. Kopo la viungo vya Kikajuni vilivyochanganywa tayari mara nyingi chumvi ndiyo imeandikwa ya kwanza kwenye lebo. Soseji ina chumvi, supu ya kopo na vidonge vya supu navyo vina chumvi. Ukijumlisha vyote halafu ukatia na kijiko chako, hakuna atakayekula. Kwa hiyo kama unatumia viungo vya kopo, chumvi nyingine usitie kabisa mpaka hatua ya 9.

La pili ni maji mengi. Tumezoea mchuzi wa jikoni unaokauka wenyewe, tunaongeza maji kwa mazoea. Kwenye slo kuka mvuke unagonga mfuniko na kurudi, na kuku na mboga wanatoa maji yao juu yake. Vikombe 6 vinatosha hata kama vinaonekana vichache.

La tatu ni kifua cha kuku. Kikikaa saa 6 kinakuwa nyuzi kavu. Ukilazimika kukitumia, kitie nusu ya muda ikishapita.

Na kuna wanaotaka kuongeza maharage mekundu. Si gumbo tena, lakini ukiamua, yasiingie makavu. Maharage hayo yana sumu ambayo joto la slo kuka haliimalizi. Yaloweke saa 5 au zaidi, mwaga maji, yachemshe jikoni kwa nguvu nusu saa, ndipo uyatie.

Mambo yakienda kombo

*Imekuwa nyepesi.* Kawaida kwa roux iliyokolea sana, kwani kadiri inavyozidi weusi ndivyo inavyopoteza nguvu ya kuzidisha uzito. Hamishia sufuria ya kawaida, chemsha bila mfuniko dakika 15 hadi 20. Au tumia bamia au filé. Usitie unga mbichi, utausikia mdomoni.

*Imekuwa nzito kama uji.* Ongeza supu ya moto, nusu kikombe kwa wakati mmoja.

*Rangi hafifu, ladha ya unga.* Uliikatisha roux mapema. Kwa leo kaanga roux ndogo ya vijiko 3 vikubwa vya mafuta na 3 vya unga mpaka ikolee, izimue kwa upawa wa mchuzi, irudishe, HIGH dakika 40.

*Chungu.* Roux iliungua. Soma tena hatua ya 4.

*Chumvi imezidi.* Ongeza supu isiyo na chumvi na kuku mwingine aliyeiva, na wali upike bila chumvi. Kiazi cha kufyonza chumvi ninachoambiwa kila mara kinafyonza mchuzi wenye chumvi, basi. Kilichobaki sufuriani kina ukali ule ule.

*Mafuta yameelea kwa wingi.* Kama ni safu nyembamba ni kawaida, yaengue. Kama ni bwawa, roux ilijitenga: chota vikombe viwili vya mchuzi, chemsha kwa nguvu jikoni huku unapiga kwa mchapo, rudisha.

*Umeme umekatika.* Ukiwepo nyumbani, hamishia mara moja kwenye jiko la gesi au mkaa umalizie. Kama hukuwepo na hujui ulikatika kwa muda gani, mwaga, hata kama inanukia vizuri. Ikiwa kuku alishaiva kabisa kabla ya kukatika, ukiwa umefika ndani ya saa mbili bado ni salama.

*Imebaki.* Vizuri, kesho ni tamu zaidi. Igawe kwenye vyombo vya kina kifupi ipoe haraka, iwe frijini ndani ya saa mbili, uile ndani ya siku 3 au 4. Wali uhifadhi kando, ukilala ndani ya gumbo unanyonya mchuzi wote. Kupasha ni jikoni mpaka ichemke, si kwenye slo kuka, inachelewa mno kupata moto. Ya kugandisha frizani iwe haina kamba wa baharini. Hao utawapika wapya siku ya kuila.